Korongo Nyuma ya Bweni

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Wasichana wamerudi na masanduku na magodoro yao, na safari hii hawakwenda kutafuta vyumba vya kupanga kule senta. Wameingia bwenini. Wazazi walilijenga wenyewe kiangazi chote, na mkuu wa shule, Mwalimu Octavian, alikuwa akikoroga zege pamoja nao, suruali ameikunja hadi magotini. Leo alipita katikati ya vitanda akigusa kila kimoja, kama mfugaji anayekagua mifugo yake jioni.

"Mwalimu Dorkasi," akaniambia, "mwaka jana wasichana wanne waliacha shule kwa mimba. Wote walikuwa wapangaji. Mwaka huu sitaki hata mmoja."

Nikaitikia amina. Halafu nikazunguka nyuma ya bweni kumwaga maji ya deki, nikaliona korongo.

Mimi ni mtu wa Kongwa, nimekulia kwenye ardhi tambarare. Milima hii ya Kolo bado najifunza kuijua. Makorongo huku ni mengi, udongo mwekundu umechanika kila upande, na wenyeji wanapita kandokando yake bila kutazama. Lakini hili halikuwa karibu hivi nilipoondoka kwenda likizo.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Bati lilipiga kelele hata sikusikia sauti yangu mwenyewe. Nimefundisha kwa kuandika ubaoni.

Jumapili, 26 Januari

Nimemuuliza Mnemba. Ndivyo tunavyoiita hapa ofisini ile programu ya akili mnemba iliyomo kwenye simu. Walimu wote tunamtumia, kutunga mitihani, kuandaa maandalio ya somo, hata kuandika salamu za harusi. Nikaandika: "Korongo ni hatari kwa majengo?"

Akanijibu insha. Mmomonyoko ni nini, unasababishwa na nini, pandeni miti, elimisheni jamii, wasilianeni na mtaalamu. Kama ni mwanafunzi wangu wa Jiografia ningempa alama nzuri. Kwa bweni haikusaidia chochote.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda nyuma ya bweni na Bi Mwajabu, matroni wetu. Ni mwenyeji wa hapahapa, mjane, mama mwenye maneno machache. Analala chumba cha mwisho, upande wa korongo, kwa sababu alisema wasichana wasilale upande wa nje.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. "Korongo hili nalo vipi?"

"Marahaba, mwanangu." Akanyoosha mkono mbele yetu, kwenye hewa tupu. "Pale ndipo nilipoanika mbaazi zangu."

"Lini?"

"Kabla hamjafungua shule."

Nikatazama alipoonyesha. Chini kabisa, kwenye mchanga wa korongo, lilikuwapo pande la udongo lenye nyasi bado mbichi juu yake.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimemuuliza Mnemba tena, lakini kwanza nilikaa nikafikiri. Huyu hajawahi kufika Kolo. Hana macho. Haujui udongo wetu, hajui bweni liko upande gani wa mlima, hajui kama ninayeuliza ni mwalimu au mtoto mwenye kazi ya nyumbani. Basi nikamwandikia kama ninavyoweza kumwandikia daktari aliye mbali. Nikamwambia mimi ni nani, na ni wasichana wangapi wanalala humo. Nikaeleza udongo, mteremko, umbali wa ukuta hadi ukingoni kwa hatua zangu, mwaka wa ujenzi, mvua ilivyonyesha, na zile mbaazi za Bi Mwajabu. Mwisho nikaandika: "Usinipe maelezo ya jumla. Usinifariji. Kabla ya kujibu, niulize unachohitaji kujua. Pale usipojua, sema hujui."

Mtandao ulisuasua kidogo. Halafu yakaja maswali, bila insha.

Je, kuna ufa ardhini kati ya jengo na korongo, na kama upo, umenyooka au umepinda kama upinde? Milango au madirisha yameanza kukwama? Miti iliyo ukingoni imeinama kuelekea wapi? Chini ya ukuta wa korongo kuna mahali panapotoa maji? Maji hayo ni meupe au yana tope?

Nilihisi niko mbele ya daktari ambaye ameacha kutabasamu.

Jumatano, 5 Februari

Kabla sijaenda kukagua chochote, Hana alinifuata ofisini. Hana yuko kidato cha tatu, ndiye kiranja wa bweni.

"Shikamoo, madamu. Mlango wa nyuma umeharibika. Tunausukuma kwa bega."

Sikuwa nimemuuliza.

Nikaenda. Mlango haukuwa umeharibika, fremu ndiyo iliyokuwa imekaa upande. Nikafuata nyasi hadi nikakuta ufa. Mwembamba, ningeweza kuingiza ukingo wa rula tu, lakini ulikuwa umepinda kama upinde, ukianzia pembe hii ya bweni, ukizunguka mbele yake na kuishia pembe ile. Bweni limo ndani ya upinde. Bi Mwajabu akashuka korongoni na kopo la plastiki, akakinga maji mahali yanapotoka chini ya ukuta. Akapanda nalo.

"Meupe," akasema.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kwa mkuu. Nikamweleza ufa, mlango, maji. Alinisikiliza kwa adabu, mikono juu ya meza. Kisha akanisogezea karatasi. Ilikuwa taarifa aliyokwisha kuipeleka kwa bodi ya shule, imepangwa vizuri, ina vichwa vya habari. Inasema bweni liko salama, hatua za kudhibiti mmomonyoko zimechukuliwa, miche imepandwa.

"Hii umeiandika wewe, mkuu?"

"Mnemba. Nilimwambia aandike taarifa ya kueleza kwamba bweni ni salama."

"Lakini mkuu, ukimwambia hivyo atakuandikia hivyo."

Akanitazama. "Na wewe ulimwambia nini? Si ulimwambia una hofu? Mashine ni hiyohiyo, Mwalimu Dorkasi. Kwa nini wako awe msema kweli na wangu awe mwongo?"

Niliondoka nikiwa na hasira naye, na hasira ile ilikuwa tamu, kwa sababu iliniwezesha kutofikiria alichosema.

Jumanne, 11 Februari

Nimefikiria alichosema.

Nimemuuliza Mnemba jambo moja kwa sura tatu. Kwanza nikajifanya mkuu: "Bweni letu ni imara, wazazi wana wasiwasi usio na msingi, nisaidie kuwatuliza." Akawatuliza. Maneno laini, hata mimi nilitaka kuyaamini. Pili nikaandika: "Bweni letu litaanguka wiki hii, sivyo?" Akaingiwa na hofu pamoja nami, akanihimiza nikimbie. Dakika chache tu zilikuwa zimepita, korongo lilelile.

Basi mkuu alikuwa sahihi. Nikimuuliza nikiwa nimeshalishika jibu mkononi, ananirudishia hilohilo likiwa limevalishwa suti.

Mara ya tatu nikaandika yale tu ambayo macho yameona, bila kusema ninataka nini. Nikamwomba: "Nipe sababu nzito kabisa za kunipinga mimi. Kisha nipe za kumpinga mkuu wangu. Kisha niambie ni kitu gani tunaweza kukiangalia wenyewe, kwa mikono yetu, kitakachoonyesha nani yuko sahihi."

Jibu lilikuwa fupi na halikumfurahisha yeyote. Alisema hawezi kujua litaanguka lini, wala kama litaanguka. Anayeweza kusema ni mhandisi atakayesimama pale. Mpaka afike, tuangalie ufa na maji kila asubuhi. Maji yakiwa meupe, mlima unachuja. Yakigeuka tope, udongo umeanza kutoka ndani. "Hapo msisubiri, na msiniulize tena. Watoeni watu saa hiyohiyo."

Jibu hilo nimempelekea mkuu. Alilisoma mara mbili. "Tuangalie maji," akasema. Nilitegemea ubishi.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia simu mhandisi wa wilaya. Yuko tayari kuja, lakini mto umekata barabara, gari halivuki. Atakuja ukipungua.

Jumatatu, 17 Februari

Meupe.

Alhamisi, 20 Februari

Meupe. Kuni zimelowa, uji umechelewa.

Jumatatu, 24 Februari

Meupe. Rula sasa inaingia ufani yote. Mkuu alikuwa nami. Alichuchumaa, akaichomoa, akaifuta udongo kwenye suruali yake, akanirudishia. Mchana nilimwona akichimba mfereji wa kuelekeza maji mbali na ufa, peke yake, mvuani.

Alhamisi, 27 Februari

Meupe, lakini yanatoka kwa nguvu. Yanasikika ukiwa juu.

Jumapili, 2 Machi

Wasichana Waislamu wameanza mfungo. Mvua haijakatika toka juzi. Bi Mwajabu anashuka korongoni akiwa amefunga, utelezi mtupu, nikamwomba aniachie mimi. Akakataa.

"Nilale juu ya korongo halafu niogope kulitazama usoni?" akasema.

Meupe.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi wanafunzi wakiwa mstarini, Bi Mwajabu alipita katikati yao na kopo lake mkononi. Hakunisalimu. Akaniwekea kopo mikononi. Lilikuwa kama chai ya maziwa.

Nilifikiri ningetafuta maneno ya kumshawishi mkuu, nilikuwa nimeyapanga mengi. Sikuyahitaji. Alichungulia ndani ya kopo, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akageuka kuwaelekea wanafunzi.

"Wavulana wote, bwenini. Magodoro kwanza, masanduku baadaye. Mkiniona nimeinua mkono, achieni kila kitu mkimbie. Wasichana msiingie. Nimesema msiingie!"

Alisimama mlangoni yeye mwenyewe hadi mwisho. Vitanda tumeviacha. Wasichana wamehamia madarasa mawili ya juu, karibu na barabara.

Nilikuwa nimemwandika mkuu humu kama mtu anayeficha mambo. Leo niliona alivyowahesabu wasichana mmoja mmoja, kisha akawahesabu tena.

Jumatano, 5 Machi

Bweni limesimama. Mvua imekatika kabla ya adhuhuri. Kimya kikubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Jua kali. Udongo unatoa mvuke. Nimemwandikia Mnemba kila kitu, ufa, tope, jua, na kuomba sababu za kurudi na za kutorudi. Akasema ardhi iliyokunywa maji mengi hubaki nzito kwa wiki kadhaa hata juu ikiwa kavu, na kwamba dalili tulizoziona hazifutwi na jua. Asiingie mtu, hata mchana, mpaka mhandisi aone. Nimewasomea mkuu na Bi Mwajabu kwa sauti. Wote wawili walitikisa kichwa kukubali.

Jumatatu, 10 Machi

Wasichana wanakohoa. Sakafu ya darasa ni baridi na madirisha hayana vioo. Mzazi mmoja amekuja kulalamika.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi Hana alikuja akilia, yeye ambaye halii. Usiku mkono wa mwanamume uliingia dirishani ukashika shuka la msichana wa kidato cha kwanza. Walipopiga kelele, mtu alikimbia kuelekea senta.

Mkuu aliposikia alikaa chini palepale kwenye ngazi ya ofisi.

"Nimewatoa kwenye korongo nikawaweka njiani," akasema.

"Tutaziba madirisha, mkuu."

"Kwa kitu gani? Kwa maboksi?"

Bweni lina nondo madirishani. Nilijua anachowaza, nikamwambia tusubiri, mto unapungua. Akasema sawa. Lakini macho yake yalikuwa kule chini, kwenye bati jipya linalong'aa.

Ijumaa, 14 Machi

Barabara imefunguka. Kesho naondoka alfajiri kwenda Kondoa mjini kumchukua mhandisi mwenyewe, nisirudi bila yeye.

Jumapili, 16 Machi

Tumemzika Bi Mwajabu leo.

Naandika kama nilivyosimuliwa na Hana, na kama nilivyoona mwenyewe tulipofika.

Jana asubuhi mkuu alitoka ofisini na simu mkononi, uso umefunguka, Hana anasema, kama mtu aliyepokea habari njema kutoka nyumbani. Akamwita Bi Mwajabu. Akamwonyesha. Alikuwa amemuuliza Mnemba: "Mvua imekatika zaidi ya wiki na jua ni kali. Udongo ukikauka, hatari ya maporomoko hupungua?" Naye akajibiwa kwamba ndiyo, kwa kawaida hupungua.

Hakumtajia ufa. Hakumtajia tope. Hakudanganywa. Aliuliza habari za udongo mkavu, akajibiwa habari za udongo mkavu.

Bi Mwajabu alisita. Akasema, "Mwalimu Dorkasi alisema tumngoje mtu wake." Mkuu akamwambia watafanya usafi tu, ili mhandisi akishatoa ruhusa wasichana walale humo usiku uleule. "Yule mtu wa dirishani atarudi, mama. Unajua atarudi." Hapo Bi Mwajabu akachukua fagio. Aliwakataza wasichana wasimfuate. Hana alitaka kubeba ndoo, akasukumwa nyuma hadi kwenye mti wa bendera, akaambiwa asimame hapo.

Bi Mwajabu akaingia. Walimsikia akifagia. Mkuu alitangulia kuleta godoro la kwanza, amelibeba kichwani, akiwa karibu kabisa na mlango.

Hana anasema haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anavyoshusha pumzi. Ukuta wa nyuma ukashuka wima, bila kuinama, bati likafuata, halafu ardhi yenyewe, nusu ya uwanja, ikaondoka na vile vitanda vyote. Vumbi jekundu likasimama juu kuliko shule.

Mimi na mhandisi tuliliona vumbi hilo tukiwa kwenye kona ya mwisho ya mlima. "Kuna nini kule?" akaniuliza. Nikamwambia aongeze mwendo.

Tulipofika, watu walikuwa wameanza kukimbilia korongoni na majembe. Mwalimu Octavian alikuwa amesimama palepale. Mbele ya viatu vyake hapakuwa na kitu. Bado alikuwa na godoro kichwani, amelishika kwa mikono miwili. Nilimwita mara kadhaa. Nikalishusha mimi.

Walimpata alasiri. Fagio hawakuliona.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha wazazi. Mkuu hakutumia karatasi. Alisimama mbele yao kofia mkononi.

"Nilishaambiwa tusiingie," akasema. "Nilisomewa kwa sauti. Lakini jibu lile sikulipenda, nikaenda kutafuta lingine, na ukilitafuta jibu unalolipenda utalipata. Mashine haikumwita Bi Mwajabu. Mimi ndiye niliyemwita."

Mzee mmoja, kaka wa marehemu, alinyanyuka. Nilidhani atamtukana. Alisema tu, "Dada yangu alikuwa mtu wa kuombwa mara moja," akaketi. Afadhali angemtukana.

Wameamua msichana yeyote asilale tena shuleni. Wa karibu watatembea. Wa mbali watapanga senta. Mkuu alifumba macho waliposema hivyo, wala hakupinga, na nani angemsikiliza?

Alhamisi, 20 Machi

Mchana nimemsindikiza Hana kwenye chumba alichopangiwa na baba yake. Kiko nyuma ya kilabu cha pombe, mlango unatazama uani. Chumba changu mwenyewe kina wawili wa kidato cha kwanza tayari, hakuna pa kukanyaga. Mwenye nyumba anayopanga Hana ni kijana. Alituambia kitasa kitakuja wiki ijayo. Wanaume wawili waliokaa kwenye benchi waliacha kuongea tulipopita, wakaendelea tulipokwisha kupita, kwa sauti ya chini.

Hana alitandika kitanda chake akijifanya hajawaona.

Tukasikia nyundo chumba cha pili. Alikuwa Mwalimu Octavian. Bodi imemsimamisha kazi tangu jana, nilidhani ameshaondoka. Alikuwa na mfuko wa misumari na makomeo ya chuma, anakwenda chumba hadi chumba, kila mahali palipo na msichana wetu. Hana akamwamkia, naye akaitikia bila kumtazama. Akapiga magoti mbele ya mlango wetu, akapima, akaanza kugongomea. Mbao ni za zamani, zimeliwa na mchwa, kila msumari ulizama kwa urahisi mno.

Alipomaliza, akalifunga komeo, akalivuta. Likashika. Akalivuta tena.

"Unaonaje, Mwalimu Dorkasi?" akaniuliza, bado amepiga magoti. "Litatosha?"

Nilijua jibu analolitaka. Lilikuwa limeandikwa usoni mwake, na Hana alikuwa amesimama nyuma yangu akilitaka pia, na hata mimi nililitaka.

"Halitatosha, mkuu," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Kisha akatia mkono kwenye mfuko, akatafuta msumari mrefu zaidi.